Kuhamisha kanda za kamera ya nyumbani hadi kwenye DVD: picha zinavunjika na sauti inachelewa

MwalimuMstaafu, Kisumu

Hamjambo nyote. Nina kanda 19 za kamera ya video ambazo familia yetu ilirekodi kati ya mwaka 1996 na 2005, nyingi zikiwa za nyumbani kwetu Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, na chache za hapa Kisumu nilikofundisha hadi nilipostaafu. Humo ndani mna harusi ya dada yangu yenye isukuti kutwa nzima, mna mazishi mawili, na mna kanda moja ambayo sitaki ipotee hata nikizipoteza nyingine zote. Katika kanda hiyo mama yetu, ambaye sasa ni marehemu, ameketi barazani akiambua maharagwe huku akieleza kwa Kiisukha jinsi ukoo wetu ulivyofika pale tulipo. Anazungumza karibu saa nzima na mikono yake haitulii hata mara moja. Ndugu zangu watano wameniomba kila mmoja wao apate nakala kwenye DVD kabla ya mkutano wetu wa Desemba.

Nilianza kwa kupeleka kanda nne kwenye duka moja mjini. Nilirudishiwa diski moja iliyobeba kanda zote nne. Mahali ambapo watu wameketi tu, picha inavumilika, lakini isukuti inapopamba moto wachezaji wanageuka vigae vya mraba vinavyorukaruka, na huwezi kumtambua shangazi wala shemeji. Nilipolalamika niliambiwa kwamba kanda zangu zimezeeka. Nilirudi nyumbani, nikaiunganisha kamera na runinga, nikazitazama kanda zile zile, na picha zake ni safi kama siku zilipopigwa.

Kwa hiyo nikaamua kuifanya kazi hii mwenyewe kwa kipakatalishi changu, ambacho kina Windows 10. Nilinunua kile kifaa kidogo cha USB chenye matundu matatu ya rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, pamoja na programu iliyokuja nacho kwenye diski ambayo sikuweza hata kuisoma, kwa kuwa kipakatalishi hakina mahali pa kuingizia diski, ikabidi mpwa wangu aipakue kutoka kwenye intaneti. Picha iliingia, ingawa imepauka. Dakika ishirini za kwanza zilikwenda sawa, kisha sauti ikaanza kubaki nyuma kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa kanda mama amekwisha kufunga mdomo na sauti yake bado inaendelea. Nimerudia mara tatu, na kila mara sauti inaanza kuachwa mahali tofauti.

Kamera yenyewe ni Handycam ya Sony yenye alama ya Digital8, na chaja yake ya ukutani bado inafanya kazi. Naomba mnielekeze. Je, ninunue kifaa kingine cha USB kilicho ghali zaidi, au kosa liko kwenye programu?

FundiWaSection58, Nakuru

Mwalimu, tusubiri kwanza habari za kununua chochote. Nakuomba unijibu mambo mawili ukiwa umeishika kamera mkononi.

Kwanza, tazama ubavuni, chini ya vifuniko vya mpira, uniambie kama kuna tundu dogo mno, dogo kuliko la USB ya kawaida, lililoandikwa i.LINK au DV. Pili, nieleze ni kanda ngapi zilirekodiwa kwa kamera hii hii na ni ngapi zilirekodiwa kwa kamera nyingine iliyotangulia. Kanda zenyewe huenda zinafanana kabisa kwa umbo na zote zimeandikwa Hi8, na ndiyo maana nauliza, kwa sababu Digital8 ilipoanza kuuzwa mwaka 1999 ilitumia kanda zile zile za zamani. Kanda iliyoandikwa P5-90 hubeba dakika 90 katika kamera ya Hi8, lakini ukiitumia katika kamera ya Digital8 unapata dakika 60 tu, maana mtambo unaivuta kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kama unayo kanda ya 90 inayokwisha baada ya saa moja, hiyo ni ya Digital8.

MwalimuMstaafu, Kisumu

Ahsante, ndugu. Tundu lipo, limeandikwa i.LINK, na nilikuwa sijawahi kulifungua kifuniko tangu kamera inunuliwe. Kanda 12 ni za kamera hii, ikiwemo ya mama. Zile 7 za tangu 1996 zilirekodiwa kwa kamera ya kaka yangu mkubwa, ambayo iliharibika zamani. Nimezijaribu tatu kati ya hizo saba ndani ya kamera yangu na zinaonekana vizuri. Za kwangu hakika zinaishia dakika 60, na miaka yote hii nilidhani muuzaji alinipunja.

FundiWaSection58, Nakuru

Hukupunjwa. Na una bahati, kwa sababu si kila kamera ya Digital8 inayokubali kusoma kanda za Hi8 za mfumo wa zamani.

Basi shida yako haiko kwenye kanda wala kwenye programu, bali iko njiani. Kanda zako 12 zimebeba picha kwa tarakimu, yaani kamera ilipokuwa ikirekodi ilikuwa inaandika namba. Unapozitoa kupitia zile nyaya za rangi tatu, kamera inalazimika kuzigeuza namba hizo kuwa mawimbi ya umeme, kisha kifaa cha USB kinayachukua mawimbi hayo na kujaribu kuyageuza kuwa namba upya, kwa ubora wa chini kuliko zile za mwanzo. Ni sawa na kumpa mtu barua aisome kwa simu yenye mikwaruzo ili wa upande wa pili aiandike tena, ilhali ungeweza kumkabidhi barua yenyewe. Sauti inachelewa kwa sababu kifaa kinapozidiwa hutupa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, moja hapa na mbili pale, lakini sauti hakiitupi. Baada ya saa moja picha inakuwa fupi kuliko sauti, na ndiyo maana mdomo unafunga mapema. Kifaa cha bei ghali kitapunguza hitilafu hiyo ila hakitakupa barua yenyewe.

Tundu la i.LINK ndilo linaloikabidhi. Hilo ni jina la Sony, kwa Apple liliitwa FireWire, na jina lake la kitaalamu ni IEEE 1394. Kinachopita humo ni zile zile namba zilizo kwenye kanda, megabiti 25 za picha kila sekunde, na ukijumlisha sauti na mengineyo saa moja inakuwa faili ya takriban gigabaiti 13. Piga hesabu: kanda 12 za saa moja, na kanda 7 za saa moja na nusu kama zimejaa, ni saa 22 na nusu, ambazo zitahitaji karibu gigabaiti 293. Diski ya nje ya gigabaiti 500 inatosha, mradi uiandae kwa mfumo wa NTFS, kwa sababu mfumo wa FAT32 haukubali faili moja ipite gigabaiti 4 na kanda yako itakatika kabla ya dakika ya ishirini.

Kizingiti ni kwamba kipakatalishi chako hakina tundu la FireWire, na nakusihi sana usinunue adapta ya USB kwenda FireWire utakayoiona ikitangazwa mtandaoni. Ile ni plastiki na shaba tu iliyounganisha maumbo mawili ya plagi, na haipitishi video ya kamera kabisa. Tundu la USB lililo kwenye kamera yako nalo lisikudanganye, kwani katika kamera nyingi za wakati ule liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato na video duni ya kutuma kwenye mtandao. Unachohitaji ni kompyuta ya mezani ya mtumba yenye nafasi ya kadi, kadi ya FireWire ya PCI Express (zenye chipu ya Texas Instruments hazina usumbufu mwingi), na waya wenye kichwa cha pini 4 upande wa kamera na pini 6 upande wa kompyuta. Kompyuta yenye Windows 7 inatosha kabisa, na ninaipendelea kuliko Windows mpya ambako wakati mwingine itabidi ubadilishe draiva ya 1394 kwa mkono iwe ile ya zamani. Usiiunganishe na intaneti, haina kazi nayo. Mwenye Mac ya zamani yenye tundu hilo amekwisha kufika. Mwenye Mac ya baadaye anahitaji adapta mbili za Thunderbolt zikifuatana, na kuanzia macOS ya mwaka 2025 uwezo huo umeondolewa.

Zima kamera na kompyuta zote mbili kabla ya kuchomeka waya. Upande wa pini 6 hupitisha umeme, na nimeona kamera mbili zilizoungua tundu kwa sababu mwenye nayo alisukuma kichwa kikiwa kimepinduka huku mashine inawaka.

Siku ya kunasa, yaani kuingiza video kwenye kompyuta, ichomeke kamera ukutani, usitegemee betri. Kila kanda ipeleke mbele haraka hadi mwisho, kisha irudishe nyuma hadi mwanzo, kwa kuwa kanda iliyolala miaka ishirini imejikunja kwa mkazo usiolingana na huenda ikatetereka usipofanya hivyo. Kwa kunasa natumia WinDV, programu ndogo ya bure ambayo sura yake haipendezi hata kidogo. Chagua faili ya video ya AVI ya aina ya pili, ambayo programu nyingi za kuhariri huisoma bila ubishi, kisha iache kanda icheze dakika kwa dakika. Hakuna njia ya mkato hapo, saa moja ni saa moja. WinDV inakuonyesha idadi ya fremu zilizopotea, na namba hiyo inapaswa kubaki sufuri. Ikianza kupanda, funga kila programu nyingine, hakikisha unaandika kwenye diski iliyo ndani ya kompyuta, si ya nje, na uanze upya.

Zile 7 za kaka yako zipitishe vivyo hivyo. Kamera itazigeuza yenyewe kuwa tarakimu na kuzituma kwa i.LINK, na saketi zake hutuliza mtetemo wa kanda kuliko kile kifaa kinavyoweza.

MpigaHarusi, Kakamega

Fundi amesema yote ya waya, kwa hiyo mimi nitasema ya kanda, kwa kuwa nimepiga video za harusi na mazishi huku kwetu tangu enzi za VHS na makosa yangu yalinigharimu.

Mwalimu, kabla ya kuingiza kanda yoyote ndani ya kamera, ishike mbele ya dirisha, uinamishe, na uangalie kupitia kile kidirisha cha plastiki ule ukingo wa utepe ulivyojiviringa. Ukingo unapaswa kuwa mweusi unaong'aa, laini kama upande wa santuri. Ukiona unga mweupe, au nyuzinyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kanda hiyo usiicheze. Kisumu kuna unyevu wa ziwa, na sanduku la bati chini ya kitanda ni nyumba nzuri ya kuvu. Miaka ya nyuma niliingiza kanda ya namna hiyo nikiwa na haraka, na kuvu ikashika vichwa vya kusomea. Kanda mbili nzima nilizocheza baada yake nikazipaka uchafu ule ule, na moja ikakwaruzwa. Ilikuwa ya mteja. Sikuwa na cha kumwambia.

Vichwa vya kamera vikichafuka, picha huonyesha miraba iliyoganda au mistari mipana ya vipande. Tumia kanda ya kusafishia, kwa sekunde chache tu kama ilivyoandikwa juu yake, wala usiirudishe nyuma ukaitumia tena sehemu ile ile. Kanda hiyo inasugua kama msasa laini, na watu huviharibu vichwa kwa kudhani usafi mwingi ndio uzuri.

Kuhusu sauti, nenda kwenye menyu ya kamera utafute mpangilio wa sauti wa biti 12 na biti 16. Watu wengi walirekodi kwa biti 12 bila kujua, kwa kuwa kamera nyingi zilitoka kiwandani zikiwa hivyo. Sauti hiyo ni ya kilohezi 32, na DVD inataka kilohezi 48, kwa hiyo programu ya kutengeneza diski lazima iigeuze. Nyingi huigeuza zenyewe, ila sikiliza dakika ya mwisho ya faili kabla ya kuchoma diski. Na ngoma za isukuti zitasikika zikifinywa, kila pigo kubwa likifuatwa na sauti za watu kuzama na kupanda tena. Hiyo ilifanywa na kamera yenyewe siku ile, ilipokuwa inajipunguzia sauti, na hakuna programu itakayoirudisha. Usipoteze wiki nzima ukijaribu, kama nilivyofanya mimi.

BintiWaMilimani, Kisumu

Shikamoo Mwalimu. Naomba niulize swali ambalo huenda likawaudhi waliotangulia: kwa nini DVD? Kati ya ndugu zako watano ni wangapi walio na mashine ya DVD inayofanya kazi? Nyumbani kwetu tunayo, lakini imewekewa kitambaa na chombo cha maua. Vijana wote wanatazama kwa rununu au kwa kuchomeka fleshi nyuma ya runinga. Ningekuwa wewe ningetengeneza faili za MP4 kwa HandBrake, programu ya bure, nikazigawa kwa fleshi.

Ila kuna jambo moja la lazima. Picha za kanda hizi zilirekodiwa kwa kupokezana, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye au kinyume chake, mara 50 kwa sekunde. Ukiziweka kwenye rununu bila kuziunganisha nusu hizo mbili za mistari, kila kitu kinachosogea kitaonekana kina meno ya kitana kwenye kingo zake, na mikono ya mama itakuwa ya kwanza kuonyesha. Katika HandBrake nenda kwenye vichujio, uwashe Bwdif kwa mpangilio wa Bob, na uweke fremu 50 kwa sekunde. Ukiacha 25 unatupa nusu ya mwendo uliorekodiwa.

FundiWaSection58, Nakuru

Sijaudhika hata kidogo, na kwa MP4 za rununu nakubaliana nawe neno kwa neno. Lakini wazee wanataka kitu cha kushika chenye jina la mama juu yake, na mashine za DVD hazijatoweka huku mashambani. Mimi ninachokataa ni mtu kuchoma DVD kisha akafuta zile AVI kubwa kwa sababu zimejaza diski. Ukiweka picha kwenye DVD lazima zibanwe kwa MPEG-2, na kilichobanwa hakirudi. Diski zenyewe za kuandikwa nyumbani zina rangi maalumu ndani yake inayofifia kwa jua na joto, na mkwaruzo mmoja unatosha. Kwa hiyo AVI zikae kwenye diski mbili za nje, moja Kisumu na nyingine Shinyalu au kwa ndugu mwingine, kisha DVD na MP4 zitokane na hizo AVI.

Sasa Mwalimu uelewe lile duka lilifanya nini. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Walipoweka saa nne ndani yake, kila sekunde ilipata takriban megabiti 2.6 pamoja na sauti yake. Mtu aliyeketi hahitaji nyingi, kwa kuwa fremu inayofuata inafanana na iliyotangulia, lakini watu hamsini wanaporuka kwa pamoja kila fremu ni mpya, biti zinakwisha, na programu inajaza vigae. Kanda hazikuwa na kosa lolote. Weka kanda moja ya saa moja kwa diski moja, kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni gigabaiti 3.6, na utabaki na nafasi ya sauti na menyu. Kiwango cha juu cha picha kinachoruhusiwa ni 9.8, lakini mashine za zamani hukwama na diski ya kuchomwa nyumbani inayokaribia hapo. Zile za saa moja na nusu zishushe hadi megabiti 6.

Natumia DVDStyler, ambayo ni ya bure. Chagua PAL, ule mfumo wa picha wa kanda zako, uwiano wa 4:3, na usiruhusu picha inyooshwe kujaza runinga pana, maana watu wote watanenepa. Mpangilio wa mistari uache kama ulivyo kwenye kanda, ambapo ile nusu ya mistari iitwayo ya chini hutangulia. Ukiugeuza, kila kinachosogea kitakuwa kinapiga hatua moja nyuma na mbili mbele. Usiziunganishe nusu hizo kwa ajili ya DVD kama Binti alivyoeleza kwa MP4, kwa sababu mashine ya DVD inajua kazi hiyo. Hifadhi kwanza kama faili ya ISO, yaani faili moja yenye diski nzima, kisha uichome kwa ImgBurn kwenye DVD-R, kwa kasi ya 4 au 8, na uiruhusu ihakiki ikimaliza. Diski ya kwanza ijaribu kwenye mashine kongwe kuliko zote katika familia. Andika juu yake kwa kalamu laini ya wino, si bolipeni, wala usibandike karatasi, kwani karatasi ikijikunja diski hupoteza mizani ndani ya mashine.

MwalimuMstaafu, Kisumu

Narudi baada ya wiki tano, na naona ni haki niwaeleze yaliyotokea.

Kompyuta ya mezani nilipewa na mpwa wangu, ambaye alikuwa anataka kuitupa. Kadi niliagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na waya niliupata Jumapili moja kwenye soko la Kibuye, ndani ya gunia la nyaya ambalo mwenye nalo hakujua zilikuwa za nini, akaniuzia kwa shilingi hamsini. Nilizima kila kitu kabla ya kuchomeka, kama Fundi alivyoonya, na niligeuza kile kichwa mara tatu kabla ya kuthubutu kukisukuma.

Kanda ya kwanza niliyonasa haikuwa ya mama, kwa sababu niliogopa. Nilianza na sherehe moja ya shule. Umeme ulikatika dakika ya 41, kompyuta ikazimika, na faili ile haikufunguka tena. Kanda yenyewe haikudhurika, ila siku iliyofuata nikaazima UPS, ile betri ya akiba ya umeme ukikatika, na kuichomekea vyote viwili, kompyuta na kamera. Tangu hapo nimenasa kanda 18, moja baada ya nyingine, jioni baada ya jioni, na fremu zilizopotea kwa jumla ni mbili, zote katika kanda moja ya 1997.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. WinDV inaziita faili zake kwa tarehe na saa ambayo kamera iliandika kwenye kanda siku ya kurekodi. Mimi na dada yangu tumebishana kwa miaka kama mazungumzo ya mama yalikuwa Krismasi ya 2001 au ya 2002, na faili ikajitokeza yenyewe na jina la tarehe 27 Desemba 2001, saa kumi na dakika nane alasiri. Dada hakuamini hadi alipoona kivuli cha mwembe jinsi kilivyolala barazani. Kanda mbili zina tarehe ya uongo, Januari mosi, kwa kuwa betri ndogo ya ndani ya kamera ilikuwa imekufa na hakuna aliyerekebisha saa. Zile za kaka yangu hazina tarehe yoyote.

Sauti sasa inakwenda na midomo hadi neno la mwisho. Katika dakika ya 52 mama anaacha kuzungumza, anaokota punje moja ya maharagwe iliyoanguka, anaipuliza vumbi na kuirudisha kwenye ungo. Kwenye diski ya lile duka punje hiyo haikuwapo, kulikuwa na kigae cha rangi ya kahawia. Nilirudisha nyuma nikaitazama mara kadhaa.

Binti, marahaba. Nimefanya yote mawili: DVD tano kwa ndugu zangu, na fleshi kwa watoto wao. AVI ziko hapa kwangu na kwa dada yangu Bungoma.

MpigaHarusi, kanda ya 19 ina ule unga mweupe ulioueleza, upande mmoja wa utepe. Sijaiingiza mahali popote. Nimeiweka kwenye mkebe mkavu pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Lebo yake inasema "Harusi, sehemu ya 2". Kama unajua mtu huku magharibi anayefungua kanda za 8mm na kuzisafisha kwa mkono, naomba unielekeze kwake, nami nitaileta mwenyewe badala ya kuituma kwa matatu.